Hati ina jina la marehemu, wanaouza ni watoto wake: je, ninunue?

Swali

Wakili, habari za kazi. Naishi Tabata, Dar es Salaam. Nimepata nyumba Kimara kwa shilingi milioni 120. Hati ipo na nimeiona, ni ya mwaka 1994, ya miaka 33, na ina jina la baba wa wauzaji ambaye alifariki miaka mitano iliyopita. Wanaoniuzia ni watoto wake wawili wa kiume. Mama yao bado anaishi humo, vyumba vya uani vina wapangaji, na dada yao yuko Muscat. Wanasema ameridhia kwa WhatsApp. Mirathi hawajafungua. Wanataka tuandikishane kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wanikabidhi hati, jina nitabadilisha mwenyewe baadaye. Mwenyekiti anataka asilimia 10 ya bei. Dalali anataka nitoe milioni 30 wiki hii kuishika nyumba, maana kuna mteja mwingine. Halafu wanaomba kwenye mkataba tuandike milioni 60 ili kodi ipungue. Nifanyeje?

Jibu

Dada yangu, usitoe hiyo milioni 30. Sisemi hao vijana ni matapeli. Kwa maelezo yako wanaonekana ni familia ya kweli yenye nyumba ya kweli. Shida ni kwamba kwa leo hakuna mtu yeyote aliye hai mwenye mamlaka ya kuiuza nyumba hiyo. Ukilipa sasa, utakuwa umelipia kitu ambacho aliyepokea fedha hana uwezo wa kukupa.

Mwenye hati akifariki, nyumba yake haihamii kwa watoto palepale. Inakuwa mali ya mirathi, na mbele ya sheria mirathi inashikwa na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama tu. Hata kama baba aliacha wosia na akamtaja mtu wa kuutekeleza, mtu huyo naye anapitia mahakamani kuthibitishwa. Kabla ya hapo watoto ni warithi watarajiwa. Wana haki ya kupata fungu lao mirathi itakapogawanywa, ila hawana haki ya kusaini mauzo ya nyumba nzima. Wawili wakisaini, watatu wakisaini, hata mama akiongeza dole gumba lake, bado karatasi hiyo haina mtu mwenye mamlaka.

Huenda umesikia kwamba mahakama humlinda mnunuzi mwenye nia njema, yule aliyelipa bei halali bila kujua kasoro ya umiliki. Ulinzi huo upo, lakini unategemea kutojua. Wewe unajua kuwa mwenye jina amefariki, unajua mirathi haijafunguliwa, na unajua kuna binti yuko nje. Ukienda mbele na maarifa hayo, siku ya kesi huwezi kusema ulidanganywa. Na siku hiyo inaweza kuchelewa sana kufika, kwa kuwa ukomo wa madai ya ardhi Tanzania Bara ni miaka 12. Utakuwa umeshapaka rangi, umejenga fensi na watoto wamekulia humo, ndipo mtu anatua uwanja wa ndege akiwa na cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba yake.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni mirathi, na hilo ni lao kulifanya, si lako. Familia inakaa kikao, inapendekeza msimamizi, inaandika muhtasari, kisha anayependekezwa anafungua shauri akiwa na cheti cha kifo. Mahakama ipi inahusika hutegemea dini ya marehemu, namna alivyoishi na thamani ya mali. Mirathi za Kiislamu na za kimila nyingi huanzia Mahakama ya Mwanzo, na huko msimamizi hupewa barua ya uteuzi iitwayo Fomu Namba IV. Omba nakala yake iliyothibitishwa na mahakama yenyewe, kisha wakili wako aende masjala ya mahakama hiyo asome jalada. Katika jalada aangalie mambo mawili. La kwanza, kama kuna pingamizi. La pili, kama nyumba hii imeorodheshwa kwenye taarifa ya mali ya marehemu, ambayo msimamizi wa Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuiwasilisha ndani ya miezi minne tangu ateuliwe. Nyumba isiyokuwemo kwenye orodha hiyo huwa na maelezo yake, na maelezo hayo uyasikie kabla ya kulipa.

Sasa tumzungumzie mama, maana katika barua yako amepita kwa sentensi moja, nami namwona kuwa ndiye mtu muhimu kuliko wote. Fungu lake linategemea sheria itakayotumika. Kwa sheria ya Kiislamu, mjane wa mume aliyeacha watoto hupata moja ya nane. Kwa sheria ya urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado inatumika kwetu kwa Wakristo wengi na wengine wasiofuata mila, hupata theluthi moja na watoto theluthi mbili. Kanuni za mirathi za kimila za mwaka 1963 zilimwacha mjane mikononi mwa watoto wake bila fungu, jambo ambalo mimi naliona ni dhuluma, na wajane wamekuwa wakilipinga mahakamani kwa miaka mingi.

Zaidi ya fungu la urithi, mama anaweza kudai kuwa sehemu ya nyumba ni jasho lake mwenyewe na haikuwahi kuwa ya marehemu peke yake. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani inatambua kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kesi ile ilihusu talaka, lakini hoja yake hubisha hodi pia kwenye mirathi. Nenda ukazungumze naye. Usiende na dalali, wala wanawe wasiwe wasemaji wake. Muulize anataka nyumba iuzwe? Atahamia wapi? Ukimwona anasitasita, simama hapo hapo.

(Kwa wasomaji wengine ambao muuzaji wao yuko hai na ana ndoa: kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtwika mnunuzi wajibu wa kuulizia ridhaa hiyo. Jina moja kwenye hati halimaanishi saini moja inatosha.)

Akishateuliwa msimamizi, je, anahitaji saini za warithi wote ili auze? Kisheria, hapana. Mahakama ya Rufani ilishasema, katika uamuzi uliomo kwenye ripoti za sheria za mwaka 1994, kwamba msimamizi halazimiki kupata ridhaa ya kila mrithi kabla ya kuuza mali ya marehemu. Hata hivyo mimi humwambia kila mteja wangu adai ridhaa ya maandishi ya warithi wote, na ninakushauri vivyo hivyo. Mrithi aliyeridhia kwa saini yake mbele ya wakili hapati urahisi wa kuibuka baadaye akidai msimamizi aliuza kwa hila. Kumtetea msimamizi mahakamani unaweza, lakini gharama za miaka ya kesi hakuna atakayekurudishia zote.

Dada wa Muscat naye asibaki kwenye WhatsApp. Ujumbe wa simu unaweza kupokelewa kama ushahidi, lakini utathibitishaje kuwa aliyeandika ni yeye, na kwamba aliambiwa bei ni milioni 120 na si 60? Aandike ridhaa yake, ataje kiwanja na bei, aisaini ubalozi wa Tanzania uliopo hapo hapo Muscat, kisha aitume karatasi yenyewe. Na wewe mpigie simu ya video. Waulize kaka zake namba yake mbele ya mama. Wakianza kuzungusha maneno, umeshapata jibu.

Hatua inayofuata watu wengi huiruka: jina la msimamizi liingizwe kwenye hati. Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura 334, inaruhusu msimamizi kuandikishwa kuwa mmiliki kwa nafasi yake ya usimamizi, na ofisi ya Msajili wa Hati haiwezi kukuhamishia umiliki kutoka kwa marehemu moja kwa moja kana kwamba amesaini. Hii ndiyo sababu ile ahadi ya "tutakupa hati, jina utabadilisha baadaye" haina uzito. Utabadilishaje bila mtu wa kusaini uhamisho? Kwa ardhi iliyosajiliwa, uhamisho hauna nguvu mpaka uandikishwe kwenye daftari la Msajili. Kuwa na hati ya mtu kabatini kwako hakukupi umiliki, na kwa bahati mbaya nyumba nyingi za Dar es Salaam zimebadilisha mikono mara mbili au tatu kwa namna hiyo huku daftarini likibaki jina la mtu wa kwanza.

Kuna jambo hukuliuliza, nami lilinishtua kuliko yote. Hati ya mwaka 1994 ya miaka 33 inafika mwisho mwaka 2027. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Anachouza mtu ni haki ya kuikalia kwa muda uliotajwa, ambao huwa 33, 66 au 99. Fungua ukurasa wa kwanza wa hati uone tarehe ambayo muda ulianza kuhesabiwa, maana mara nyingi inatofautiana na tarehe ya kusainiwa. Mmiliki aliyelipa kodi ya pango la ardhi na kutimiza masharti anapewa nafasi ya kwanza muda unapoisha, kwa hiyo nyumba haipotei ghafla. Lakini kuomba upya kuna gharama na muda, na benki nyingi hazitakubali rehani ya hati iliyobakiza kipindi kifupi. Nani atabeba mzigo huo? Msimamizi aanze maombi kabla ya kuuza, au bei ishuke. Mimi ningedai la kwanza, maana deni la pango la ardhi lililolala tangu baba afariki, kama lipo, litajitokeza katika maombi hayo hayo na litalipwa na wao.

Upekuzi wa hati uufanye hata kama umeishika hati yenyewe. Wakili anaomba kwa Msajili kwa kutumia namba ya hati, analipia kwa kumbukumbu namba ya serikali, na anapata majibu ya maandishi: mmiliki ni nani, kuna rehani, kuna zuio, kuna amri ya mahakama. Kisha linganisha hati uliyoonyeshwa na daftari, na hakikisha si nakala ya rangi. Kuna mtego mmoja ambao upekuzi hauuoni. Mtu anaweza kukopa mtaani kwa kuweka hati kwa mkopeshaji bila kuandikisha rehani popote. Hivyo hati halisi iwe inaonekana kila mnapokutana, na siku ya kusaini ikae kwa wakili.

Halafu nenda uwanjani na mpima ardhi mwenye leseni, akutafutie mawe ya mipaka na kuyalinganisha na ramani ya upimaji. Kwa Kimara hili si la hiari. Wakazi wa kuanzia Kimara hadi Kiluvya wanakumbuka mwaka 2017, nyumba zilipovunjwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Na kama kiwanja kinashuka bondeni, kumbuka kuwa Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Bomoabomoa ya Mkwajuni mwishoni mwa mwaka 2015 iliwakuta watu ambao walilipa fedha halali kwa wauzaji waliokuwa wanacheka nao.

Sasa hilo la kuandika milioni 60. Kataa, tena mapema, kabla halijawa mazoea ya mazungumzo yenu. Kwanza ni udanganyifu wa kodi, na saini yako itakuwemo. Pili hautawasaidia wanavyodhani, kwa sababu uhamisho unadai ripoti ya uthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na Mamlaka ya Mapato, TRA, wanayo thamani hiyo mezani. Tatu, na hili ndilo linalowaumiza wanunuzi: mauzo yakivunjika, mkataba wako unasema ulilipa milioni 60. Zile nyingine 60 utazidai kwa karatasi gani? Utasimama mahakamani kueleza kuwa mliandika uongo makusudi, na mahakama haina mkono mwepesi kwa mtu anayeomba msaada juu ya makubaliano haramu aliyoyasaini mwenyewe. Tena wewe mwenyewe ukija kuuza, faida yako itahesabiwa kuanzia milioni 60, nawe utalipa kodi ya fedha ambazo hukuzipata.

Kodi zenyewe si za kutisha. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, yaani kama milioni 1.2 kwa bei yenu, na kwa kawaida ni wa mnunuzi. Ulipwe ndani ya siku 30 tangu kusaini, maana mkataba usiolipiwa ushuru huo haupokelewi kama ushahidi mahakamani. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji: kwa mkazi mwenye kumbukumbu za gharama zake ni asilimia 10 ya faida, si ya bei nzima, na Msajili hatapokea uhamisho bila cheti cha TRA. Muandike wazi kwenye mkataba nani analipa nini. Wauzaji wengi husema "bei yangu ni safi" wakimaanisha kila kodi ubebe wewe. Ukikubali bila kujua, hiyo si milioni 120 tena.

Asilimia 10 ya mwenyekiti, ambayo kwenu ni milioni 12, haina sheria nyuma yake. Mwenyekiti wa mtaa mjini haidhinishi mauzo ya kiwanja chenye hati. Hilo ni la Kamishna wa Ardhi na Msajili. Kwenye ardhi ya kijiji hali ni tofauti, halmashauri ya kijiji ina nafasi yake kisheria, na Zanzibar ina sheria zake kabisa, lakini Kimara si kijiji. Usimdharau mwenyekiti, hata hivyo. Anajua mgogoro wa mpaka ambao hauko daftarini, anajua kama marehemu alikuwa na familia ya pili, na barua yake ya kuwatambua wauzaji ina manufaa. Mwende kwa heshima, mwombe awe shahidi, na fedha yoyote atakayoitaja muombe kumbukumbu namba na stakabadhi ya halmashauri. Kama haipo, hailipwi.

Mkitoka salama kwenye hayo yote ndipo mkataba unaandikwa. Uwe wa maandishi, maana Sheria ya Ardhi haitambui mauzo ya mdomo, na uandaliwe na wakili wako, si wakili wa familia anayewatazama wote wawili. Naelewa watu wanakwepa gharama ya mawakili wawili. Lakini wakili mmoja hawezi kukushauri uzuie malipo na wakati huo huo kumshauri muuzaji ayadai. Muuzaji aandikwe kuwa ni msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani, si "watoto wa". Malipo ya kwanza yawe madogo, asilimia 10 inatosha, na yakae kwenye akaunti ya wateja ya wakili. Sehemu kubwa itoke msimamizi anaposaini fomu za ardhi, yaani Fomu Namba 29 na 30 za taarifa na maombi ya kibali na Fomu Namba 35 ya uhamisho, na kukabidhi hati. Kiasi cha mwisho kisubiri vitu viwili: jina lako kuonekana daftarini na nyumba kukabidhiwa ikiwa tupu. Mara tu mkataba unaposainiwa, wakili wako aweke zuio kwa Msajili ili nyumba isiuzwe mara ya pili kabla uhamisho wako haujakamilika.

Hilo la nyumba kuwa tupu lina wapangaji ndani yake. Wao wana mikataba na kodi waliyolipa mbele, na haki zao hazifutiki kwa kuwa mwenye nyumba amebadilika. Muulize kila mmoja amelipa mpaka mwezi gani. Ama wamalize muda wao na kodi yao ihesabiwe kwenye bei, ama msimamizi awarudishie fedha kwa makubaliano. Mama naye awekewe tarehe anayoitaka yeye, iandikwe.

Dalali mjibu hivi: "Nyumba naitaka, bei nimeikubali, nasubiri Fomu Namba IV." Kama mteja mwingine atalipa wiki hii bila mirathi, mwache alipe. Wao wakiwa na nia, shauri la mirathi lisilo na pingamizi huchukua miezi kadhaa, na unaweza kuwapa barua rasmi kutoka kwa wakili inayosema uko tayari kununua kwa milioni 120 pindi msimamizi akiteuliwa. Barua hiyo haikugharimu milioni 30, nao wataweza kuionyesha familia kuwa mnunuzi wa kweli yupo. Ukipata nakala ya fomu hiyo, niandikie tena na uambatanishe ukurasa wa kwanza wa hati, ule wenye tarehe ya kuanza kwa muda.